Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu, 12 Machi 1962

Hyacinthe anasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mkono ulegee. Mkono wangu haujakaza. Nashona nguo za watu tangu mume wangu Amuri aliponiacha, mwaka wa sita huu, na mkono huu unapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza. Lakini Hyacinthe ndiye muuguzi wa dispansari na ndiye mwenye kitabu, kwa hiyo naandika.

Haya. Mimi ni Mwasiti binti Feruzi, wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge. Nina miaka ishirini na tisa. Shule niliiachia mwaka wa nne kwa masista, nikaolewa. Masomo ya ukunga kule Usumbura hayapokei mtu aliyetimiza thelathini, na mimi natimiza Novemba. Mtihani ni Jumamosi tarehe 9 Juni. Nafasi ni tatu, watu tuko kumi na mmoja, kuanzia hapa hadi Nyanza-Lac. Nisipopita mwaka huu, basi tena.

Kitabu cha kusomea ukunga ni kimoja tu. Ni cha Kifaransa, kurasa mia na arobaini, na jalada lake limeliwa na mende. Ninacho mpaka tarehe 12 Mei, halafu kinakwenda Kigwena kwa mwanamke anayeitwa Émérance. Nimeshaamua: nitakinakili chote. Kikiondoka, nami nitakuwa nacho.

Jumanne, 13 Machi

Nimemaliza jalada, ukurasa wa jina, jina la mpiga chapa wa Brusele, mtaa wake na namba ya nyumba yake. Mwandiko umetoka mzuri sana.

Ijumaa, 16 Machi

Mvua tangu adhuhuri. Bati linapiga kelele, siwezi hata kujisikia nikisoma. Ukurasa wa tano. Bado ni utangulizi, daktari fulani anawashukuru watu.

Jumatatu, 19 Machi

Leo Hyacinthe amenitahini. Nilikwenda nimejiandaa, nimevaa hata kanga mpya. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Uvira: "Dada Mwasiti, mimba inachukua wiki ngapi?"

Jibu nalijua. Liko ukurasa wa tisa, mstari wa nne kutoka chini. Nikakaa vizuri, nikafumba macho, nikaanza tangu kichwa cha sura, kwa Kifaransa, neno kwa neno. Nilipofika ukurasa wa saba akagonga meza.

"Ngoja. Nilikuuliza wiki ngapi."

"Ndiyo, muganga. Bado sijafika pale."

"Haufike wapi? Si unijibu tu!"

Nikamwambia sasa amenikatiza, itabidi nianze upya. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Wagonjwa waliokuwa barazani walikuwa wanacheka. Ningetamani ardhi inimeze mimi, kanga na yote.

Lakini nilikosea nini? Chuoni kwa Maalim Assumani tulisoma hivyo. Unaandika aya kwenye ubao, unaisoma huku unayumba mpaka inakaa, unaosha wino, unaandika nyingine. Huanzii katikati. Huruki. Aliyeruka alichapwa. Kiarabu chenyewe hatukukielewa na hakuna aliyetuuliza wiki ngapi.

Ijumaa, 23 Machi

Mvua. Ukurasa wa kumi na saba. Kidole kimeota sugu.

Jumatano, 28 Machi

Bibi Fatuma alikuja kupunguza gauni. Anazidi kukonda, uzee umemwingia. Mikono yake ndiyo iliyonipokea mimi duniani, na Sikujua mdogo wangu, na nusu ya mtaa huu. Alimchukua Mwamini mapajani akamlisha ndizi, na mtoto akamng'ang'ania asiondoke.

Mwamini ni mtoto wa Sikujua. Nataka kuandika kuhusu siku ile, maana ndiyo sababu ya haya mateso yote, ya kitabu na sugu. Ilikuwa asubuhi, miaka miwili iliyopita, na kabla ya hapo mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na Asmani kaka yetu alikuwa amekwenda sokoni, hapana, alikuwa amerudi kutoka sokoni na ndagala, dagaa wa ziwani, kwa sababu nakumbuka harufu, na Sikujua alikuwa amevaa kanga yangu ya njano, ile niliyonunua kwa yule Mwarabu aliyehamia Kigoma, na alinicheka kwamba sitaipata tena...

Nimeandika kurasa tatu na bado hajaanza hata uchungu. Nimezichana. Nitaandika hivi: alizaa salama, damu haikukatika, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Bibi Fatuma alisema ni damu chafu, tuiache itoke. Alifanya alichoweza, simlaumu. Lakini mimi nilikuwa pale nimesimama na beseni, nimeona yote, na sijui nilichokiona.

Kitabu kina sura juu ya damu baada ya kuzaa. Nimeiona kwenye orodha ya mwisho. Ukurasa wa 112.

Alhamisi, 5 Aprili

Asmani ananiita Profesa. "Profesa, chakula iko wapi?" Nimemwambia kiko kwenye ukurasa wa mia mbili, akitafute.

Jumanne, 17 Aprili

Nimelia leo, na ninaandika nikiwa bado na hasira.

Wiki iliyopita Hyacinthe aliona daftari zangu mbili zilizojaa. Akafungua ya kwanza, akaona mpiga chapa wa Brusele, akaifunga. "Hii haiko note, dada. Hii ni kukopia. Unaandika kitabu ya mutu mwingine mara ya pili." Akanifundisha: chukua kalamu ya risasi, pigia mstari polepole yale ya maana tu, utafuta baadaye. Halafu yale uyafanyie rezime, muhtasari, kwa maneno yako mwenyewe.

Nikaenda nyumbani nikatii. Kalamu ya risasi sikuwa nayo, nikatumia chaki ya cherehani, ile ya buluu. Leo nimempelekea. Kurasa kumi, kila mstari una chaki chini yake. Kila mstari! Hata namba za kurasa.

Alifunua ukurasa baada ya ukurasa. Halafu: "Kitabu yangu..."

"Inafutika, muganga."

"Sasa ni nini haina maana humu ndani, kama yote iko na maana?"

Nikamwambia ukweli. Mimi ni nani hata nimwambie daktari wa Ulaya kwamba huu mstari wako una maana na huu hauna? Na maneno yangu mwenyewe ni yapi? Maneno yangu ni ya kuagiza vifungo na kununua sabuni. Akasema kwa ukali kwamba kama sina maneno nisiende Usumbura, nibaki na sindano yangu. Watu wawili walikuwa mlangoni wakasikia.

Nimefika nyumbani nimepiga cherehani mpaka mkanda ukakatika. Nilidhani Hyacinthe ni mtu mpole. Ni mpole kwa wanaojua tayari.

Jumatano, 18 Aprili

Mkanda wa cherehani umeshonwa. Ukurasa wa arobaini na moja. Nimeendelea kunakili. Aseme atakavyo.

Jumatano, 2 Mei

Ukurasa wa hamsini na tano. Mvua imeingia juu ya kabati na kulowesha daftari ya pili, nimeianika juani ukurasa kwa ukurasa, na jua lenyewe halikukaa. Mafua. Mwamini amekula kipande cha ukurasa wa thelathini.

Jumamosi, 12 Mei

Kitabu kimeondoka. Nimefika ukurasa wa sitini na moja.

Nilijua tangu katikati ya Aprili kwamba sitafika. Hesabu ni rahisi, hata mtoto angeifanya. Ningeweza kufungua 112 siku yoyote, kitabu kilikuwa mezani kwangu miezi miwili mizima. Nilijiambia haturuki, nitaufikia kwa zamu yake. Huo ni ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa naogopa, na kunakili kulinifaa: mtu akinakili anaonekana anasoma.

Mchukuzi aliyekipeleka Kigwena alikifunga kwenye jani la mgomba. Nilitaka kumnyang'anya.

Jumatatu, 14 Mei

Iddi ya kuchinja. Nimekula nyama, sikusoma neno.

Jumamosi, 19 Mei

Nimekwenda Kigwena. Sikumwambia mtu kwa nini. Kulikuwa na mteja wa huko anayengoja gauni, hiyo ikawa sababu yangu.

Lori la mapipa ya mawese lilikwama kwenye matope kabla ya nusu ya njia. Nikashuka, nikatembea. Mvua ikanipiga mpaka mifupani. Nilipofika kwa Émérance, daftari yangu mpya ilikuwa uji. Kilichobaki kikavu ni gauni la mteja na kitabu changu kidogo cha vipimo, vyote viko ndani ya kitambaa cha plastiki pamoja na futi ya kupimia.

Nilikuwa nimemchukia huyu mwanamke kwa miezi miwili bila kumwona. Nilimwazia mrefu, mwenye majivuno. Ni mfupi, ana mtoto mgongoni, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa chikichi alizokuwa anachambua. Mumewe anafanya kazi mashambani. Amevuka kutoka Kongo miaka minne iliyopita.

"Karibu, dada. Ingia, mvua itakuua."

Nikamwambia mimi ndiye wa Rumonge, aliyekuwa na kitabu. Akacheka. "Ah! Weye wa chaki!"

Mabaki ya chaki yalikuwa bado yapo kwenye kurasa. Nikamwomba ukurasa mmoja tu. Akasema nisome mpaka mvua ikatike, halafu yeye anasoma, maana chikichi zitakuwa zimekwisha. Ukutani alikuwa amebandika vikaratasi vya kufungia sabuni, kila kimoja na maneno machache. Nikamwuliza ni nini.

"Ni kitabu. Hii ni sura ya kwanza, ile ni ya pili. Minasoma, nafunga, naandika ile imebaki mu kichwa."

"Na ile haikubaki?"

"Narudilia kusoma. Haiko vita."

Wiki moja tu kitabu kiko kwake, na alikuwa amefika sura ya saba. Niliona wivu.

Nikafungua 112. Ni kurasa nne. Kifaransa changu ni cha mwaka wa nne, nilisoma polepole, nikarudia, na sikuwa na daftari ya kunakilia. Mvua ilianza kupungua nikashikwa na kiwewe. Kilichokuwepo ni kitabu cha vipimo. Kila ukurasa wake una mistari saba, nilipiga mwenyewe kwa rula: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu, mengineyo. Mteja akija simwandiki mteja mzima. Siandiki alikuja amevaa nini wala alisema nini kuhusu mumewe. Naandika namba saba, na kutoka humo natoa gauni linalomkaa.

Miaka sita nafanya hivyo kila siku, na hakuna aliyeniambia kwamba ndiyo rezime. Nikafunga kitabu cha daktari, nikaandika kwa Kiswahili:

Kitovu usivute.
Akojoe kwanza.
Mtoto kwenye titi, papo hapo.
Mkono juu ya tumbo, sugua.
Mpaka liwe gumu kama paji la uso.
Kondo la nyuma litazame, limetoka lote?
Damu ikizidi vikombe viwili, muganga, usingoje.

Halafu nikasoma nilichoandika, kwa mara ya kwanza nikielewa kila neno, na siku ile ya Sikujua ikaja yote mbele yangu kwa mpangilio. Bibi Fatuma alivuta. Nilimwona amezungusha kitovu kwenye kidole. Na mtoto, mtoto nilimchukua mimi. Nilimtoa mimi chumbani nikampeleka kwa Asmani amwadhinie, tukamwogesha, tukamshangilia, na Sikujua alikuwa anauliza, "Yuko wapi? Nileteeni nimwone." Nikamwambia apumzike.

Émérance aliniona. Alinifuta uso kwa kanga yake, ikaniachia mafuta ya mawese shavuni, na mvua ilikuwa imekatika zamani.

Jumapili, 20 Mei

Sugua tumbo! Mpe mtoto titi! Vitu vya bure, havihitaji sindano wala dawa. Nimezunguka nyumba nzima na karatasi hii. Nataka kwenda kwa Bibi Fatuma nimtupie usoni, na hajui kusoma.

Alhamisi, 24 Mei

Nimekwenda. Siku nne nilijizuia, ya tano nikashindwa. Nilikuwa nimepanga maneno makali, nayajua kwa moyo, tangu la kwanza hadi la mwisho.

Alikuwa anapepeta mchele. "Karibu, mwanangu. Amahoro?" Sikuitikia. Nikasema nina maneno kutoka kwenye kitabu, juu ya damu.

"Soma."

Nikasoma mstari wa kwanza. Ungo ukasimama. Nikasoma yote saba. Alikaa akitazama mikono yake, akaigeuza, kwanza huku, halafu huku.

"Nilivuta," akasema.

Yale maneno makali niliyokuja nayo yakatoweka. Nikasema: "Na mimi nilimtoa mtoto, Bibi."

"Ulimutoa kwa sababu nilikuambia umutoe."

Nilidhani atalia au atanifukuza, na ningependa mojawapo ya hayo. Akasema: "Soma tena." Nikasoma tena. Akarudia nyuma yangu, mstari kwa mstari, akiyumba kidogo, kama tulivyofanya sote kwa Maalim. "Tena." Nilisoma mpaka sauti ikakauka, na mchele wake haukupepetwa siku hiyo.

Jumanne, 29 Mei

Émérance ananipa kitabu kila Jumanne mchana, anakuja nacho soko la Rumonge. Sura mbili, vipimo viwili vya mistari saba. Bibi Fatuma anakuja kila siku alasiri kusema ile mistari saba na kuuliza kama ameikosea. Anaikosea. Tunagombana. Anataka kuanza upya kila akikosea, nami nampigia kelele kama Hyacinthe: "Nimekuuliza la nne, Bibi, la nne!" Ananijibu: "Bado sijafika pale."

Jumatano, 6 Juni

Mvua imekwisha. Vumbi tayari. Kipimo cha ukurasa wa tisini kinanishinda, nimekitupa kitandani.

Jumamosi, 9 Juni

Mtihani. Masera, sista kutoka Usumbura, alisoma habari kwa sauti mara mbili, tuandike rezime. Wenzangu waliandika kila neno, Kabibi wa Kizuka akajaza karatasi mbili. Niliandika mistari saba. Nilitamani sana kuandika kila neno, nikaukalia mkono wa kalamu.

Swali la mwisho: eleza uzazi mmoja ulioushuhudia, mistari isiyozidi kumi. Kwa Kifaransa changu kibovu niliandika:

Sikujua. Miaka ishirini na mbili. Mimba ya kwanza.
Mtoto wa kike, mzima, asubuhi.
Kitovu kilivutwa.
Mtoto alitolewa chumbani.
Tumbo halikusuguliwa.
Damu zaidi ya beseni nusu.
Amekufa kabla ya adhuhuri.

Masera alipopita kukusanya, aliusoma wangu akiwa amesimama. Akauliza nani alikuwa mkunga. Nikamwambia chumbani tulikuwa watatu, pamoja na mzazi mwenyewe, na hakuna aliyejua kitu.

Ijumaa, 22 Juni

Hakuna majibu. Wanasema masera ana kazi nyingi kwa sababu ya Uhuru. Kila mtu ana kazi nyingi kwa sababu ya Uhuru.

Jumanne, 26 Juni

Nashona bendera kumi na mbili za kupamba barabara. Nyekundu, kijani, msalaba mweupe wa kukatiza, na katikati ngoma. Ngoma hiyo inanishinda, inatoka kama chungu. Hakuna majibu.

Alhamisi, 28 Juni

Karatasi imebandikwa mlangoni mwa dispansari. Émérance wa kwanza. Wa pili ni mtu wa Nyanza-Lac. Wa tatu ni mimi.

Nilisoma jina langu mara nne, kisha nikakasirika kwamba ni la tatu. Hyacinthe akanipa mkono: "Nilijua, dada." Hakujua lolote. Lakini nilimwambia murakoze, asante, na nilimaanisha.

Jumapili, 1 Julai

Uhuru. Ngoma mbili za kweli barabarani na kumi na mbili zangu za nguo. Hakuna aliyesema zinafanana na chungu, isipokuwa Asmani.

Jumatatu, 9 Julai

Mwamini anabaki kwa Asmani na mkewe. Nimemwambia ni mwaka mmoja na nusu. Ameniuliza ni kesho? Nimefunga sanduku mara tatu, kila mara nalifungua. Zile daftari zenye mpiga chapa wa Brusele nimempa Asmani afungie ndagala.

Jambo moja linaniuma. Nitakuwa Usumbura miezi kumi na minane, na mtaa huu hautaacha kuzaa. Mke wa Asmani mwenyewe yuko mwezi wa sita.

Jumanne, 10 Julai

Naandika ndani ya lori, mwandiko unaruka.

Bibi Fatuma alikuja mpaka barabarani, kwa mguu, na fimbo. Émérance alikuwa tayari amepanda, mtoto mgongoni. Dereva alikuwa anapiga honi. Nilikuwa na machozi, na kwa sababu nachukia kulia mbele ya watu nikamwuliza kwa ukali:

"La tano, Bibi?"

"Mpaka liwe gumu kama paji la uso."

Papo hapo. Hakuanzia juu. Hata hakuyumba. Nikasema la tatu. Mtoto kwenye titi. La saba. Muganga, usingoje. Dereva alitia gia, lori likaanza kusogea, naye akatembea kando yake ameshika ubao wa pembeni, akasema:

"Nenda, mwanangu. Ukirudi niulize yote, mbele na nyuma. Ile ya kwanza tu usiniulize."

Sikuiuliza.